Herufi za Nyuma ya Shuka

Kosa ni langu, na nalisema mapema. Mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa, na siku ile karakanani, kama ningeuma ulimi, dada yangu asingekaa wiki tatu tumbo joto kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Dada amenitangulia kuzaliwa kwa miaka sita, lakini ukitukuta njiani utadhani mimi ndiye mkubwa, kwa jinsi ninavyosema na yeye anavyonyamaza. Akienda kununua nyanya hachagui, anapokea alizopewa. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Nimemgombeza kwa hilo tangu tukiwa wasichana na sijaambulia kitu. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mke wa Fundi Herufi, na mtaa ulimjua kwa kazi moja tu: kumchanganyia mumewe rangi. Watu walizoea kumwona na kopo na kijiti, anakoroga, kichwa chini.

Fundi Herufi, shemeji yangu, ndiye aliyeuandika mtaa huu. Kinyozi, duka la dawa, gereji, mlango wa zahanati, ubavu wa lori la mchanga, kote huko ulikuwa mkono wake. Na alikuwa na ada moja ambayo hakuivunja hata siku moja: kazi haionekani mpaka iishe. Alitundika shuka mbele ya ukuta, akaingia nyuma yake na brashi zake, dada akaingia naye na makopo, na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Aliyechungulia alipakwa rangi puani, awe mtoto awe mwenyekiti. Kazi ikiisha, shuka linavutwa, watu wanapiga makofi. Shuka lenyewe nililishona mimi, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, vipande vinne vya kitambaa kizito, na kila mwaka lilirudi kwangu kutiwa viraka.

Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka. Mwanzoni kikombe, baadaye vifungo vya shati, mwisho hata kijiko. Miguu nayo ikafuata. Zahanati iko ng'ambo ya vichochoro ambavyo kiti cha magurudumu cha hospitali hakipiti, kimetanuka kama kochi. Ndipo Cheche, fundi wetu wa kuchomelea vyuma, akatengeneza kiti chembamba kwa mabomba na magurudumu ya baiskeli. Mimi nikashona kikalio cha turubai. Nesi wa zahanati akasema mgongo ulale kidogo. Shemeji mwenyewe alilalamikia kila bomba mpaka likakaa sawa, maana ugonjwa haukumpunguzia ulimi. Akisukumwa vichochoroni alikuwa akipaza sauti, "Tupisheni! Tupisheni!" Watoto wakaidaka, na kiti kikapata jina: Tupishe.

Alipofariki, kiti kilipokewa na bibi mmoja wa nyumba ya pili. Yeye akadai ndoano ya kutundika mkoba. Baada yake akaja mwalimu mstaafu, akataka breki inayoshikika na mkono mmoja. Kila aliyekikalia aliongeza lake, na kila aliyemsukuma mgonjwa aliongeza lake, mpaka ikawa hakuna anayeweza kupiga kifua kwamba kiti kile amekibuni yeye. Tukawa kikundi. Cheche akawa mwenyekiti kwa sababu karakana ni yake na sauti yake inashinda mashine. Mwaka huu hospitali kubwa ikaagiza viti arobaini, kwa sharti kwamba kila kimoja kiwe na bamba la chuma lenye jina na nembo, ili kikiharibika wajue pa kukirudisha.

Hapo sasa tukafika kwenye herufi. Printa, mwenye duka la stesheneri, alikuja na kompyuta yake na rundo la karatasi, kila karatasi imeandikwa TUPISHE kwa fonti yake. Kulikuwa na za kunyooka, za kulala, za mikia, nyingine zimebana kama zina baridi. Watu waliokubaliana unene wa bomba kwa dakika tano walishindwa kukubaliana umbo la herufi kwa vikao viwili. Huyu anasema zinafanana na za benki, yule anasema zinafanana na za tangazo la msiba. Cheche akapiga meza kwa spana. Mimi nilikuwa na nguo za watu zinanisubiri nyumbani, uvumilivu ukaniishia.

"Jamani, tunahangaika na herufi za watu wa mbali za nini?" nikasema. "Wa kwanza kukikalia kiti hiki si Fundi Herufi? Tuchukue herufi zake ukutani, tumalize!"

Wakapiga makofi. Nesi alifuta macho. Nami nikavimba kichwa, nikamgeukia dada nione amefurahi vipi. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Mimi nilikuwa nafikiria kibao cha duka la dawa, au cha kinyozi, herufi za shemeji za ujanani, zenye mkia mdogo unaokwenda kulia. Sikufikiria kwamba duka la dawa limeshabandikwa vigae, kinyozi ameweka plastiki yenye taa, gereji imepakwa rangi upya, na lori liliuzwa zamani. Tuliupitia mtaa wote kesho yake, mimi, Printa na Cheche. Maandishi ya Fundi Herufi yaliyobaki mtaa mzima ni ya mahali pamoja tu: ukuta wa chekechea, SHULE YA WATOTO, herufi za buluu zenye urefu wa mkono. Printa akazipiga picha huku akitikisa kichwa kwa sifa. Mimi nikageuza uso nisiutazame.

Maana ule ukuta hakuuandika shemeji.

Naujua ukweli huo kwa sababu niliinua shuka. Ilikuwa asubuhi, mwaka mmoja kabla hajafariki, nimewapelekea chai. Nilijua mikono yake ilivyo, nikawa nashangaa ameipokeaje kazi ya chekechea, na udadisi ukanishinda. Nyuma ya shuka nilimkuta shemeji amekaa kwenye kiti chake, mikono imelala mapajani inacheza yenyewe, na dada amesimama ukutani na brashi. Mkono wa kushoto. Dada ni wa kushoto, nyumbani alichapwa sana kwa hilo, akajifunza kula na kusalimia kwa kulia, lakini brashi alikuwa ameishika kwa ule aliozaliwa nao. Shemeji alikuwa anamwelekeza polepole. "Chini. Chini bado. Sasa pinda, usikimbilie. Hapo. Inua." Na mkono wa dada ulikuwa unakwenda bila woga wowote. Sikuwahi kumwona vile, si kabla wala baada.

Shemeji aliponiona hakunipaka rangi puani. Alisema, "Shemeji, rudisha shuka." Baadaye, nyumbani, akatuapisha sote wawili. Alisema hataki watu wajue kwamba mkono wake umetangulia kufa. Nikala kiapo. Kwa miaka minne nilikuwa kimya kama maji mtungini, mimi ambaye siwezi kunyamaza hata kwa bei ya chumvi. Na sasa nimekwenda kuuvuta ule ukuta katikati ya watu kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Usijali," nilimwambia dada jioni ile. "Bado watapiga kura. Hazitashinda."

Kura ilipigwa kwa vifungo vyangu. Cheche alitundika ubaoni mabamba matatu ya mfano: herufi nyembamba za Printa, herufi nene kama za mfuko wa saruji, na zile za ukutani, ambazo Printa alizipanga haraka haraka kwa kuanzia. Nesi akawaketisha wazee mwisho wa uwanja, akawauliza mmoja mmoja wanasoma nini. Nyembamba walizisoma kwa kubahatisha. Nene waliziona, ila mzee mmoja alisema zinamgombeza. Za ukutani walizisoma bila kukunja uso, na yule bibi wa ndoano alisema zinainuka taratibu kama mtu anayetoka kitini. Kisha kila mtu akatumbukiza kifungo chake kwenye kopo la herufi alizozichagua. Za ukutani zilipata vifungo thelathini na kimoja. Kopo la zile nene lilipata vitatu: changu, cha dada, na cha mtu mmoja ambaye mpaka leo hatujamjua, tunamshuku muuza saruji.

Printa akapewa nafasi ya kueleza, na Printa akipewa nafasi huichukua yote. "Angalieni hapa," alisema, akionyesha kwa kalamu. "Zamani mkia wa herufi zake ulikwenda kulia. Hapa unakwenda kushoto. Mnajua maana yake? Ukomavu! Mtu ameumwa, ameona mambo, anageuza mkono. Hiyo huwezi kufundishwa."

Watu wakaguna kwa heshima. Nilitaka kucheka, nikaangalia mikono ya dada, kicheko kikakauka. Alikuwa ameukalia ule wa kushoto.

Kilichomtisha dada hakikuwa Printa wala Cheche. Lilikuwa sanduku. Mwanawe wa pekee, ambaye nami namwita mwanangu, aliondoka kwenda kufanya kazi nchi ya mbali miezi michache baada ya ule ukuta. Siku ya kuondoka baba yake alimpa sanduku la chuma, na ubavuni limeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe. Mtoto hakuwahi kurudi kumzika. Kila akipiga simu lazima alitaje. "Mama, nikiliangalia sanduku namwona baba." Na jina lile liliandikwa nyuma ya shuka lile lile, chumbani kwao, kwa mkono ule ule.

Sasa alipopata habari za nembo alipiga simu akiwa na furaha ya mtoto. "Mama! Kwa hiyo baba atakuwa kwenye kila kiti!" Dada akasema ndiyo, mwanangu. Alipokata simu alikaa ameshika tama mpaka chai ikapoa.

Huenda angenyamaza mpaka kaburini, namjua. Lakini ikatokea shida ya herufi. Kwenye SHULE YA WATOTO utapata S, utapata H, utapata U, E na T. I haina tabu, ni mguu mtupu. P haimo. Kwenye bamba la mfano Printa alikuwa ameazima P kutoka fonti nyingine na hakuna aliyejali. Sasa akasema atatengeneza P halisi, atachukua mguu wa H na kukata kipande cha O, ataviunga kwenye kompyuta. Wiki ya pili akaleta karatasi.

Mimi si mtaalamu, lakini nimeshona miaka thelathini na najua nguo iliyounganishwa vipande vya watu wawili. Tumbo la ile P lilikuwa limeshuka mpaka kiunoni na mguu ulikuwa mwembamba, ungedhani inatafuta pa kukaa. Cheche alisema, "Ina kasoro kidogo." Printa akasema, "Si kasoro, ndio ugonjwa wake huo, tusimsafishe marehemu." Na wote wakakubali! Watu wazima, wenye macho, wakakubali kwamba Fundi Herufi angeandika kitu kile, kwa sababu alikuwa mgonjwa.

Dada hakula siku ile. Nilimkuta jikoni, mezani, amechovya kidole kwenye maji na anaandika P kwenye mbao. Inakauka, anaandika nyingine. Kidole cha kushoto. Aliponisikia alifuta kwa kiganja.

"Watasema alikuwa anaandika vile," alisema. "Viti arobaini. Na vingine vitafuata. Kila atakayekaa hapo ataona herufi mbovu na ataambiwa ni ya mume wangu."

"Basi waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba aliwadanganya?"

"Waambie ulimsaidia. Kuna ubaya gani?"

"Na sanduku?" alisema. "Nimwambie mtoto kwamba alichobeba si cha baba yake? Hakumzika, mdogo wangu. Hana kingine." Akaanza kulia bila sauti, kama anavyofanya kila kitu.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa woga wake, shemeji kwa kiapo chake, na mimi mwenyewe kwa domo langu. Nilirudi kwenye cherehani nikavunja sindano mbili. Kila siku iliyofuata nilikwenda kwa Printa nikijidai nataka kutoa nakala, nikimwomba airekebishe P, na kila siku aliiharibu zaidi kwa nia njema. Cheche alikuwa ameshaweka siku: Jumamosi, saa nne asubuhi, atakata kiolezo kwenye bati nene. Kiolezo kikishakatwa, mabamba yote yatafuata hicho, hakuna kurudi nyuma.

Jumamosi niliamka na roho juu juu. Kabla ya kutoka, sijui kwa nini, nilifungua kabati nikalitoa lile shuka, lina matone ya rangi ya miaka yote, nikalisokomeza mkobani. Nadhani nilikuwa na wazo la kijinga kwamba mambo yakiharibika nitamfunika dada nalo.

Karakana ilijaa. Cheche amelaza bati la chuma sakafuni, chaki pembeni, miwani ya kuchomelea kichwani. Printa ametandika karatasi yake kubwa ya kunakilia. Na kwa kutaka kutupendeza, Cheche alikuwa amempigia simu mwanetu, akaiweka simu juu ya pipa, sauti imefunguliwa ili wote tusikie. Kwake ulikuwa muda wa mapumziko, ana nusu saa. "Nawasalimu wote!" sauti ikasema, na watu wakaitikia kwa shangwe. Dada alishika mkono wangu.

Printa akaanza kunakili. T ikapita. U ikapita, mkia kushoto, nzuri mpaka inauma. Akafika kwenye P, akaibandika, akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Nesi akainamisha kichwa upande mmoja, kama anayetazama mgonjwa asiyemwelewa.

"Hii P," alisema Nesi, "kweli ingekuwa yake?"

"Ni yake," alisema Printa. "Vipande vyote vyake."

"Siyo yake," alisema dada.

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi mle ndani kumsikia akipinga kitu. Cheche alimgeukia kwa upole kabisa. "Mama, tunaelewa. Ni uchungu. Lakini wewe ulikuwa unachanganya rangi, umbo la herufi ni..."

Dada aliuachia mkono wangu. Alikwenda mpaka kwenye bati, akainama, akaisogeza P ya karatasi, akaokota chaki. Niliona anaishika kwa mkono wa kulia, mkono wa kusalimia watu, na nikajua anaogopa. Kisha akaihamisha. Aliandika mguu kwa mvuto mmoja, akainua, akapinda polepole, akafunga, na mwisho ule mkia mdogo ukatoka wenyewe kwenda kushoto. Ilichukua muda wa kumeza mate mara mbili. Ile P ilikaa kando ya U kama imerudi nyumbani.

Kompresa ya Cheche ilikuwa inanguruma pembeni, mtu akaizima.

"Mwaka ule alikuwa hawezi kushika kijiko," Nesi alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo zahanati. Na nilipita pale shuleni kila siku, nikausifu ukuta. Sijawahi kujiuliza."

Cheche alikuwa amebadilika rangi. Alimpenda Fundi Herufi, na mtu anayependa huumia haraka. "Kwa hiyo siku ile tuliposimama pale tukapiga makofi," alisema, "tulikuwa tunampigia nani?"

"Mlimpigia yeye," alisema dada. "Nilitaka iwe yeye. Aliniapisha. Msimwone mwongo, nawaomba. Alikuwa anaona kila kitu, mkono tu ndio ulimkataa. Alikaa kwenye kiti hiki mlichomtengenezea, ananiambia chini, ananiambia pinda. Nikikosea tunafuta, tunaanza tena. Mimi peke yangu nisingeweza hata moja."

"Mbona hii umeiandika peke yako?" alisema Printa. Sikumpenda kwa kusema vile, lakini lilikuwa swali la haki. Dada aliitazama P yake kama imemshtua.

Ndipo kwenye pipa ikatoka sauti. Kwa fujo ile tulikuwa tumemsahau.

"Mama."

Dada aliweka mkono mdomoni.

"Mama, na sanduku langu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hili ndilo alilokuwa akiliogopa wiki tatu zote, na lilikuwa limekuja mbele ya watu, kwa njia ya simu, na hata uso wa mtoto hauonekani. Dada alitembea mpaka kwenye pipa akaishika ile simu kwa mikono miwili.

"Na sanduku lako," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Ni mimi."

Tulisikia milango inafungwa huko aliko, watu wanazungumza lugha yao.

"Alikuwepo?" akauliza.

"Alikuwa amekaa pembeni yangu. Tuligombana asubuhi nzima juu ya jina lako. Alitaka herufi ya kwanza ipande, izidi nyingine. Nikamwambia itaonekana kama imekosewa. Akanikaripia. Akasema iache ipande, mtoto ndio anaanza."

Tukasikia akisogea mbali na wale watu. "Mama, mimi ile herufi nimeigeuzia ukutani miaka yote hii. Nilidhani hapo ndipo mkono ulimponyoka. Nilikuwa siwezi kuitazama, naona anavyotetemeka."

"Hapana, baba. Aliitaka vile."

"Aliitaka vile," mwanetu alirudia. Nikamsikia anapenga kamasi, kisha kengele ikalia nyuma yake. "Naitwa kazini. Nikirudi chumbani naligeuza. Mama mdogo yupo?"

"Nipo!" nikapaza sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya kilio, msinicheke.

"Usiwaache wakate ile P ya Printa."

Watu wakacheka, hata Printa, ingawa yeye alicheka upande mmoja tu. Cheche hakucheka. Alikuwa bado amekunja uso, na alikaa amekunja uso mpaka wiki iliyofuata. Lakini alivua miwani kichwani, akaikunja ile karatasi kubwa ya Printa, akaisogeza kando.

"Andika zote," alimwambia dada. "Kama ni mkono wako, basi andika zote, tusiunge unge."

Dada aliitazama P aliyoiandika. "Hata hii naifuta. Nimeiandika na woga, mguu umesimama vibaya." Hakuna mwingine aliyeuona ubaya huo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, nami nikajua anachotafuta. Anatafuta kitu cha kujifichia. Miaka yote hajawahi kuandika herufi mbele ya macho ya mtu.

Nililitoa lile shuka mkobani. Watu wazima waliokuwepo walilitambua mara moja, wakasogea nyuma wakidhani nitalitundika. Nililikunja mara mbili, nikaliweka chini kando ya bati, kwa sababu sakafu ya karakana ina vipande vya chuma na magoti yake si ya ujana tena.

"Pigia magoti hapa, dada," nikasema.

Akanitazama. Kisha akapiga magoti juu ya shuka, akafuta chaki kwa kiganja, akaanza na T, na sote tulikuwa tunaona.